Kabla Hujalitoa Gari Lako Desemba Hii

Hotuba kwa jumuiya ya Afrika Mashariki, Brooklyn Park, Minnesota, Desemba 2025

Mchungaji, wazee wetu, akina mama, akina baba na vijana, hamjambo? Ahsanteni kwa kunialika, na ahsanteni kwa chai. Kwa wasionifahamu, kazi yangu ni kuwajazia watu ritani za kodi, na kila ikifika Desemba naulizwa swali lilelile: "Nina gari bovu limekaa tu nje. Redio inasema nikilitoa kwa shirika la hisani nitapunguziwa kodi. Nilitoe?"

Nalijibu sasa hivi, ili wenye zamu ya usiku waondoke bila kupitwa na kitu. Kama unataka kusaidia, toa. Kama unatoa kwa ajili ya kodi tu, basi wengi mliomo humu ukumbini hamtapunguziwa hata senti moja na serikali kuu ya Marekani. Na kuanzia tarehe 1 Januari 2026, wengi wenu mtafaidika zaidi mkiliuza gari wenyewe mkatoa fedha. Naona nyuso zimeshaanza kukunjana, kwa hiyo wacha nieleze.

Mtu akisikia gari lake lina thamani ya dola 2,000 na kwamba thamani hiyo "inakatwa kwenye kodi", anadhani IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, itamwandikia hundi ya dola 2,000. Sivyo. Kinachopungua ni mapato yanayotozwa kodi. Ukiwa kwenye daraja la kodi la asilimia 12, makato ya dola 2,000 yanakuokolea dola 240. Ukiwa kwenye asilimia 22, yanakuokolea 440. Hizo ni fedha, wala sizibezi, lakini ni mbali na 2,000.

Na hata hizo 240 huzioni mpaka uwe unaorodhesha makato yako moja baada ya jingine kwenye fomu iitwayo Schedule A. Serikali humpa kila mlipa kodi makato ya kawaida bila kumdai risiti. Kwa mwaka huu wa 2025 ni dola 15,750 kwa asiye na mwenzi, 23,625 kwa mzazi anayeendesha nyumba peke yake, na 31,500 kwa mume na mke wanaojaza pamoja. Unachagua njia moja: ama uchukue hayo ya kawaida, ama uorodheshe yako. Hupewi yote mawili. Tangu sheria ya 2017 ilipoyapandisha makato ya kawaida karibu maradufu, walipa kodi takriban tisa katika kila kumi huchukua ya kawaida. Kwa mtu wa namna hiyo, gari analolitoa haliingii popote kwenye ritani ya serikali kuu.

Chukueni mfano wa dada asiyeolewa, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, amepanga nyumba, na kwa mwaka anapata dola 52,000. Sadaka yake kanisani ni 3,000. Kodi ya jimbo kama 2,000. Akatoa gari likauzwa 1,500. Jumla ni 6,500, na makato ya kawaida anapewa 15,750 bila kuulizwa chochote. Gari limekwenda, kodi imebaki palepale.

Sasa chukueni mume na mke, wote manesi, wana nyumba Maple Grove, mapato yao 150,000. Riba ya mkopo wa nyumba 17,000. Kodi ya jimbo na ya nyumba zikijumlishwa, 13,000. Miaka iliyopita kwenye kodi hizo wangeruhusiwa kukata 10,000 tu, lakini sheria ya Julai mwaka huu imepandisha kikomo hadi 40,000. Fungu la kumi wametoa 12,000, halijafika kumi kamili, hayo ni yao na Mungu. Jumla 42,000, nao wamevuka 31,500 wakiwa mbali. Hawa wakitoa gari likauzwa 1,800, watapunguziwa dola 396. Kwao tangazo la redio lina ukweli.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, fungua ritani ya mwaka jana uone kama ulikuwa na Schedule A. Nimegundua kwamba wanaotoa fungu la kumi kwa uaminifu na wana mkopo wa nyumba mara nyingi wamo kwenye kundi la kuorodhesha bila wenyewe kujua. Lakini lazima kuwe na karatasi. Noti uliyotumbukiza kikapuni bila bahasha yenye jina lako haina ushahidi, na IRS haikubali sadaka ya fedha isiyo na rekodi ya benki wala barua ya kanisa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jimbo letu la Minnesota lina huruma kidogo. Asiyeorodhesha anaruhusiwa kutoa kwenye mapato yake ya jimbo nusu ya michango yote inayozidi dola 500. Yule dada mwenye sadaka ya 3,000 na gari la 1,500 ana michango ya 4,500. Toa 500, zinabaki 4,000, nusu yake ni 2,000. Ukiangalia sehemu iliyoletwa na gari peke yake, yaani nusu ya 1,500 ambayo ni 750, kwa kiwango chake cha asilimia 6.8, ni dola 51. Mafuta ya wiki moja hayo, basi.

Sasa thamani. Hapa ndipo watu hukosana na mimi ofisini, kwa sababu mtu anakuja na karatasi ya Kelley Blue Book, kile kitabu cha thamani za magari, inayosema gari lake ni dola 4,000, anataka niandike 4,000. Zamani iliwezekana. Mwaka 2003 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba katika ritani za mwaka 2000, walipa kodi wapatao 733,000 walidai makato ya magari waliyoyatoa, na kodi iliyopungua kwa ajili hiyo ilikadiriwa kuwa dola milioni 654. Wakaguzi wakafuatilia magari 54, moja moja, kuona yaliishia wapi. Kwa karibu theluthi mbili ya hayo, shirika la hisani lilipata asilimia 5 au chini ya thamani ambayo mtoaji aliiandika kwenye ritani. Yaani mtu ameandika 4,000, na wahitaji wamepata 200 au pungufu.

Bunge likaziba tundu hilo. Sheria iliyotiwa saini na Rais George W. Bush Oktoba 2004 ilianza kutumika mwaka 2005 na mpaka leo inasema hivi: ukidai zaidi ya dola 500, makato yako ni kiasi ambacho gari limeuzwa na shirika. Kitabu cha thamani kiwekeni kando. Gari lako likienda mnadani likapata 650, umetoa 650. Na magari mengi yanayotolewa huenda mnadani moja kwa moja, tena mengine huuzwa kama skrepa. Ninyi mnaijua chumvi inayomwagwa barabarani hapa tangu Novemba mpaka Machi. Gari la miaka kumi na saba la Minnesota kwa juu linameta, kwa chini limeliwa na kutu kama mkate wa ajemi uliosahauliwa, na mnunuzi wa mnadani huinama akaangalia chini.

Jambo moja hapa ni la faida yako: kinachohesabiwa ni bei yote ya mauzo kabla ya gharama. Gari likiuzwa 1,000, kisha mwenye kulikokota na dalali wakachukua chao, shirika likabaki na 700, wewe bado unadai 1,000.

Likiuzwa 500 au chini, sheria inakuruhusu kudai thamani yake halisi sokoni ila usizidi 500. Gari la 450 likiuzwa 300, unadai 450. Gari la 800 likiuzwa 300, unadai 500. Kwa magari yetu mengi hiyo ndiyo hali, na hakuna aibu.

Kuna njia tatu za kudai thamani kamili ya sokoni. Ya kwanza, shirika lilitumie gari lenyewe kwa kazi yake, na si kwa safari mbili tatu. Mfano unaotolewa na IRS ni gari la kupelekea wahitaji chakula kila siku kwa mwaka mzima. Ya pili, shirika lilitengeneze hasa mpaka thamani ipande. Kuliosha, kupiga rangi, kunyoosha bodi iliyobonyea, hayo hayahesabiki. Ya tatu, shirika limpe mtu maskini gari hilo bure au kwa bei ya chini sana, na kazi ya shirika iwe ni kuwasaidia watu wa hali hiyo kupata usafiri. Katika hali hizi thamani ni ile ambayo mtu wa kawaida angemuuzia mwenzake, siyo bei ya duka la magari. Ikizidi dola 5,000 utahitaji mthamini aliyehitimu.

Mimi mwenyewe napenda hizo mbili za mwisho, na siyo kwa sababu ya kodi. Hapa Minneapolis kuna shule ya Newgate ambako vijana hufundishwa umakanika na ufundi wa bodi kwa kutumia magari yaliyotolewa na watu. Gari lako linapasuliwa na kijana anayejifunza kazi. Ukilinganisha na mnada ambako gari linauzwa kwa dakika moja na fedha kugawanywa mikononi mwa watu watatu, mimi najua ningelipeleka wapi.

Ndiyo maana nawasihi mwulize fedha zinakwenda wapi. Mnaufahamu wimbo wa Kars4Kids redioni, watoto wenu wanauimba. Mwaka 2017 aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo hili, Lori Swanson, alitoa ripoti kuhusu shirika hilo lenye makao New Jersey. Ilisema kwamba katika takriban dola milioni 3 zilizopatikana kwa watu wa Minnesota kati ya 2012 na 2014, chini ya asilimia 1 ndiyo iliyowafikia watoto wa Minnesota. Fedha nyingi huenda kwa shirika dada, Oorah, linalohudumia familia za Kiyahudi. Ni shirika halali na makato yake ni halali. Mwenye kutaka kusaidia kazi hiyo atoe kwa moyo mweupe. Ninachopinga ni mtu wa Brooklyn Park kudhani amemsaidia mtoto wa Brooklyn Park kwa sababu ya wimbo.

Shirika lolote mlihakikishe kwenye tovuti ya IRS, sehemu ya kutafuta mashirika yaliyosamehewa kodi. Makanisa na misikiti yanakubalika hata kama hayamo kwenye orodha hiyo.

Tuje kwenye mwaka mpya, maana hili wengi hawajalisikia. Sheria ile ya Julai 2025 imeleta mabadiliko mawili kwenye michango kuanzia 2026. Wanaoorodhesha, sehemu ya kwanza ya michango yao, sawa na nusu ya asilimia moja ya mapato, haitahesabiwa tena. Kwa wale manesi wa Maple Grove ni dola 750. Fungu lao la kumi limeshavuka hapo, kwa hiyo gari lao wakilitoa Desemba au Machi, tofauti haitatoka kwenye gari.

Badiliko la pili ndilo linalowahusu wengi humu. Wasioorodhesha, kuanzia 2026, watakatiwa michango hadi dola 1,000 kwa mtu mmoja na 2,000 kwa mume na mke wanaojaza pamoja, juu ya makato yao ya kawaida. Lakini ni michango ya fedha tu. Gari halimo, nguo hazimo, sofa haimo.

Mnaona hesabu inavyogeuka? Chukueni mtu kama yule dada, ila hana sadaka nyingine. Akilitoa gari Januari, serikali kuu haimpunguzii kitu. Akiliuza mwenyewe kwa 1,500 kwenye Facebook Marketplace, akalipa shirika 1,000 kwa kadi ya benki na kutunza risiti, anaokoa dola 120, na mfukoni amebaki na 500. Shirika nalo limepata 1,000 safi bila kugawana na mnada. Kuuza hakumwongezei kodi, kwa sababu gari la kutembelea ukiliuza kwa bei ndogo kuliko uliyonunulia hujapata faida. Ila sadaka ya kanisani nayo inahesabiwa humohumo ndani ya hiyo 1,000. Kama tayari inaijaza, kama ile ya 3,000 ya yule dada, mtoaji asitarajie nyongeza.

Kwa hiyo kama huorodheshi na gari linatembea, sioni haraka ya Desemba inatoka wapi. Matangazo yana haraka. Wewe huna. Kama haliwaki, giaboksi imekufa na mwenye nyumba anakutishia kulikokota, hapo kulitoa kuna maana bila hata kuzungumzia kodi, kwa sababu wanakuja kulichukua bure na unaondokana na usumbufu.

Wanaoorodhesha na wanaotaka kulitoa kabla mwaka haujaisha, sikilizeni tarehe. Mchango unahesabiwa siku gari linapotoka mikononi mwako moja kwa moja. Siku ya kupiga simu haihesabiki, wala siku ya kujaza fomu mtandaoni. Gari la kukokota likija tarehe 3 Januari, huo ni mchango wa 2026. Wiki ya mwisho ya Desemba madereva hao wanakuwa na foleni, na theluji ikianguka ndiyo kabisa, kwa hiyo pangeni siku mapema na gari mlifukue kabla hawajafika. Shirika kuliuza Februari hakuna shida.

Hati ya gari, yaani logbook, andikeni jina la shirika linalopokea. Mtu akikuambia uiache nafasi ya mnunuzi wazi, usikubali, kwa sababu gari litatembea mikono mitatu likiwa bado na jina lako, na tiketi za kuegesha zitakujia wewe. Toeni taarifa kwa ofisi ya magari ya jimbo kwamba gari si lenu tena, ndipo msitishe bima, kwa mpangilio huo. Pigeni picha ya mita ya maili na ya namba ya chasisi. Toeni vitu vyenu pia: kila mwaka kuna mtu anayeacha pasi ya kusafiria kwenye droo ya mbele.

Karatasi mtakayoisubiri inaitwa fomu 1098-C. Ina tarehe, maili, namba ya chasisi na bei ya mauzo. Shirika lina siku 30 tangu siku ya kuuza kukupa. Ikiwa gari limechukuliwa tarehe 28 Desemba na kuuzwa tarehe 10 Februari, fomu inaweza kufika katikati ya Machi, kwa hiyo mwenye gari asinisukume tujaze ritani wiki ya kwanza ya Februari. Mkidai zaidi ya 500 bila fomu hiyo kuambatanishwa, madai yanakataliwa yote. Ikichelewa mpaka Aprili 15, tunaomba muda kwa fomu 4868, au tunajaza bila gari na kurekebisha baadaye kwa 1040-X. Zaidi ya 500 inahitaji pia fomu 8283, hiyo niachieni mimi.

Madereva wa Uber na Lyft, ninyi kwenu kuna mtego. Kama umekuwa ukidai makato ya maili za kazi kila mwaka, ndani ya kila maili kuna sehemu ya uchakavu wa gari uliyokwisha kukatiwa. Serikali haikati kitu kilekile mara mbili, kwa hiyo makato ya kulitoa gari hilo yanaweza kushuka sana, hata yakawa sifuri. Msitoe kabla hatujazungumza.

Nimeulizwa hapa na mzee wangu: kwa nini nisilisafirishe gari nyumbani nikaliachia kanisa la kijijini? Mzee, shikamoo tena. Kwanza Kenya haipokei gari la usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida, wala lililozidi miaka minane. Ndugu zetu wa Kongo, kwao huendeshwa upande wa kulia, labda wana nafasi. Pili, zawadi kwa kanisa au kituo cha yatima kilicho ng'ambo, ukiitoa moja kwa moja, haikatwi kwenye kodi ya hapa, hata ikiwa ni ya fedha na hata ukiwa na risiti yenye mhuri. Inakatwa ikipitia shirika lililosajiliwa Marekani lenye kuamua lenyewe jinsi fedha zitakavyotumika huko.

Na kama una mpwa aliyefika juzi, anangoja basi saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi ya chini ya sifuri, mpe yeye gari. Hutakatiwa chochote, kwa sababu mtu binafsi si shirika, na kwa gari la bei hii hakuna fomu ya kodi ya zawadi ya kujaza. Kikomo cha mwaka huu ni dola 19,000 kwa kila unayempa. Mpeleke tu kwa makanika kwanza aangalie breki.

Nitakuwa meza ile ya pembeni mpaka saa tatu usiku. Anayetaka nimwambie kuhusu gari lake aje na ritani ya mwaka jana, ya karatasi au kwenye simu. Bila hiyo siwezi kujua kama unaorodhesha, na nitakurudisha kwenye foleni.